Dawa ya malale yarudi kwa watoto wenye saratani

Mhariri,

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vya eflonithini kwa watoto wenye niuroblastoma, saratani ya seli za neva, ya aina iliyo hatari zaidi. Wauguzi wa Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda wanaifahamu dawa hii. Ndiyo waliyoitundika kwenye dripu mara nne kwa siku, siku 14, kutibu malale ya aina ya gambiense iliyokwisha kufika ubongoni.

Niuroblastoma huota kwenye seli changa za neva, mara nyingi katika tezi iliyo juu ya figo. Kwa takriban mtoto mmoja kati ya watano, nakala za jeni ya MYCN zimezidi, na seli hutengeneza kwa wingi poliamini, kemikali zinazohitajika katika ukuaji, ili zigawanyike haraka. Eflonithini hukizuia kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo, kama inavyofanya kwa kimelea cha malale.

Wazazi waelezwe bila kuzungushwa: vidonge hivi si vya kuyeyusha uvimbe uliokaidi matibabu. Vinazuia ugonjwa usirudi kwa mtoto ambaye matibabu mengine yameshamsaidia. Humezwa asubuhi na jioni kwa miaka miwili, kimoja hadi vinne vya miligramu 192 kila mara, kwa kufuata ukubwa wa mwili. Mtoto akikua, dozi ihesabiwe upya. Katika utafiti uliotumika kuidhinisha, baada ya miaka minne asilimia 84 ya waliomeza walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na asilimia 73 ya wasiomeza. Ila hao wasiomeza walitoka katika utafiti mwingine, watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tofauti hiyo isitangazwe kama jambo lililokwisha.

Hatari kubwa ni masikio. Wengi wa watoto hawa wameshapewa sisplatini, dawa ya saratani ambayo huharibu usikivu, na eflonithini huweza kuongeza madhara. Usikivu upimwe kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Ukishuka, dawa isimamishwe kwanza au dozi ipunguzwe. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema hasikii vizuri, hivyo hospitali isiyo na kipimo cha watoto wadogo isianze.

Miaka ya 1990 dawa hii ilikaribia kutoweka kwa sababu wagonjwa wa malale hawakuwa na fedha. Ilirudi mwaka 2001 kwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani, baada ya kiambato chake kupata soko katika krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Inauma kuliandika hilo. Tunaziomba mamlaka za dawa za Afrika Mashariki zianze sasa kujadili usajili na bei kwa pamoja, na kingamwili dhidi ya GD2, dawa zinazolenga alama iliyo juu ya seli za saratani hii, ziwemo katika mazungumzo hayo, maana vidonge viliidhinishwa kwa watoto waliokwisha kuzipata.

Wafamasia wa saratani za watoto,
Dar es Salaam