Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa kuhusu tuliobakiwa na chikungunya

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu. Nakuandikia kutoka Majengo, kuhusu mamangu na wenziwe waliobakiwa na madhara ya chikungunya, homa iletwayo na mbu, ambao siwezi kukutajia idadi yao kwa sababu hakuna aliyewahesabu.

Mamangu alikuwa muuza mahamri. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliamka saa tisa usiku, akachunga unga, akatia hamira, iliki na tui, akaukanda mpaka ukalainika. Adhana ya alfajiri ikilia, mafuta yalikuwa yameshapata moto na watoto wa mtaa wamesimama na sahani zao. Alitusomesha kwa unga ule.

Januari 2018 alishikwa na homa iliyomlaza siku tano. Vifundo vya mikono na miguu vilivimba, magoti yakakataa kukunjuka, hata kufunga leso akawa hawezi. Nyumba ya pili kutoka kwetu walilala wanne kwa pamoja. Unakumbuka majira yale. Shirika la Afya Duniani liliandika visa 453 vya chikungunya Mombasa kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi tarehe 3 Februari 2018, vikiwemo 32 vilivyothibitishwa na maabara, na kaunti ndogo zote sita ziliguswa. Lakini wengi mitaani hawakufika hospitali. Walimeza vidonge vya maumivu, wakajifunika, wakangoja. Mamangu hayumo katika hao 453.

Homa iliondoka, maumivu yakabaki. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu kama vijiti mpaka jua lipande. Alimtafuta binti wa kumkandia, akaona unga haufumuki apendavyo, akaacha biashara. Hilo tulilielewa. Yaliyofuata hatukuyaelewa.

Alianza kukosa harusi. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kupaka hina na wa mwisho kutoka ukumbini alisema nguo hazimkai. Akaacha kwenda kwenye chama chake cha Jumapili. Kwa kuwa hakuweza kupiga magoti, ilibidi asali akiwa ameketi kwenye kiti, akaona haya mbele ya wenzake, akawa anajifungia chumbani. Usiku nilimsikia akitembea. Siku moja nilimkuta anachambua mchele huku machozi yakidondoka kwenye ungo, nikamuuliza ana nini, akasema, "Sina kitu, mwanangu. Moyo umenifa tu." Baadaye akaanza kusema kwamba amekuwa mzigo na bora Mola amchukue, akilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema sukari imekwisha.

Jirani mmoja akasema amefanyiwa uchawi. Shangazi akaleta kombe, maji ya aya za Kurani, akalinywa, akatulia siku mbili, na silidharau hata kidogo, kwa maana shangazi alikuwa ndiye mtu pekee aliyeona kwamba kuna jambo. Kwenye zahanati tuliyokwenda tulimkuta daktari aliyetazama vidole, akaandika dawa ya maumivu, akasema, "Mama, huu ni umri." Alikuwa na miaka 51.

Ilichukua miaka mitatu. Mwaka 2021 muuguzi mmoja, akimpima presha tu, alimuuliza, "Mama, unalala?" Mamangu akanyamaza, kisha akalia pale pale kitini. Muuguzi akafunga mlango, akamsikiliza, akamwandikia barua ya kuonana na mtaalamu. Ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwamba ni ugonjwa, na kwamba unatibika. Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Ni maneno mawili. Muuguzi angekuwa na haraka siku hiyo, sijui leo ningekuwa naandika barua ya namna gani.

Mheshimiwa, jina chikungunya ni la Kimakonde. Lilitoka uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika, ugonjwa ulipozuka huko mwaka 1952 na 1953, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Pwani yetu inaujua vizuri. Mwaka 2004 uliingia Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba robo tatu ya watu wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Mwaka huo huo ukafika Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion, kisiwa cha Wafaransa, ambako theluthi moja ya watu waliugua kufikia 2006.

Huko Réunion madaktari hawakufunga faili homa ilipoisha. Waliwafuatilia askari wa kikosi cha jandamari, yaani polisi wa kijeshi, watu wa makamo walio imara, wenye mshahara wa kila mwezi na matibabu ya uhakika. Miaka sita baada ya homa, walioambukizwa walikuwa bado na maumivu ya viungo zaidi kuliko wenzao ambao hawakuambukizwa, na hali yao ya nafsi ilikuwa imeshuka pia. Sasa fikiria mama wa Kisauni au Likoni ambaye mikono yake ndiyo mshahara wake.

Tafiti zinatofautiana kuhusu wangapi hubaki na maumivu ya muda mrefu. Nyingine husema robo ya wagonjwa, nyingine hukaribia nusu. Maumivu hayo hayaishii kwenye kifundo. Humnyima mtu usingizi, humtoa kazini na kumtenga na watu, na kila moja kati ya hayo peke yake linatosha kumtia mtu sonona. Juu ya hayo, kinga ya mwili inayoendelea kuwaka viungoni hutoa kemikali ambazo athari yake hufika hadi kwenye ubongo, na wanasayansi wanaona kwamba huchangia uchovu na kufa moyo. Sonona nayo ikishaingia, huyafanya maumivu yale yale yahisike mazito zaidi. Tuliyaona haya tena baada ya UVIKO-19, kwa watu waliopona kifua wakabaki wamechoka na kukata tamaa miezi mingi, wakiambiwa vipimo vyao viko sawa.

Kwa hiyo naomba jambo moja, nalo ni kuulizwa. Kila anayekuja kliniki na maumivu ya viungo baada ya chikungunya aulizwe pia kuhusu usingizi na moyo wake. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wakipima presha na sukari. Waongezewe maswali mawili tu: je, katika wiki mbili zilizopita umekosa raha na hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Anayejibu ndiyo apewe dodoso refu la maswali tisa. Lipo kwa Kiswahili, na lilishapimwa na watafiti Kilifi, kaunti jirani, wakaona linafaa.

Ila wafunzwe kusikia. Mamangu hatakwambia ana sonona wala unyogovu. Atakwambia moyo umemfa, ana mawazo, hana raha, mwili mzito. Kule Harare, Zimbabwe, wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na tangu 2006 wanawake wazee waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakazungumza nao kwa lugha hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na nyanya hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika hata Zanzibar. Sisi tuna vibaraza, na wanawake wa kuketi juu yake hawakosekani.

Kwa wanaohitaji dawa, zipatikane kwenye zahanati za mitaa. Fluoxetine, dawa ya sonona, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si dawa ya anasa. Mama akilazimika kupanda matatu mbili hadi kliniki ya wagonjwa wa akili, ambako akionekana tu mtaa mzima utamsema, hatakwenda. Namjua, hangekwenda. Na mazoezi ya viungo yawe karibu vilevile.

Kuhusu mbu sitasema mengi, unayajua: anauma mchana, anataga kwenye maji safi ya mapipa na mitungi, na hatutaacha kuweka maji kwenye mapipa maadamu bomba linakauka siku nne mfululizo.

Mheshimiwa, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na Katiba. Nilimsomea mamangu habari ile. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo mtu angeweza kusema." Sikuwa najua kwamba miaka yote ile alikuwa akiogopa polisi pia.

Sasa anaendelea vizuri, kwa rehema za Mungu. Vidole bado vinamuuma asubuhi, lakini analala, na harusi ya Shaabani iliyopita alipaka hina. Ijumaa huwa kuna mahamri nyumbani kwetu. Mjukuu wake ndiye anayekanda, yeye akikaa kibarazani na kumwelekeza. Ukipata nafasi, karibu Ijumaa moja mapema. Ameniambia nikuandikie kwamba yuko tayari kukueleza mwenyewe.

Wako,
Mkaazi wa Majengo, Mombasa