Mhariri, 7-Zip ni ya bure lakini haijiapdeti yenyewe

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na watu wa steshenari, mafundi kompyuta na maofisi yetu kuhusu kitu ambacho hakuna anayekijali mpaka siku mambo yaharibike, nacho ni ile programu, kama 7-Zip au WinRAR, ya kufungulia mafaili ya zip na rar, yale yaliyobanwa na kufungwa pamoja. Jamani angalieni mliyonayo ni toleo la lini na ilitoka wapi, maana wengi iliwekwa siku kompyuta iliponunuliwa na tangu hapo hakuna aliyeiangalia tena.

Mimi niko kwenye steshenari hapa Morogoro, wateja wetu wengi ni wanafunzi na watumishi, mtu anakuja na flashi au anakufowadia faili WhatsApp, mara fomu, mara noti za lekcha, mara ramani ya nyumba, na faili limefungwa kwa rar au zip yenye paswedi. Kumfungulia ni dakika moja tu. Swali ni unamfungulia na nini. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu kutengenezwa zina WinRAR iliyokrakiwa, yaani imevunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, imepita kwenye flashi ya fundi huyu ikaenda kwa fundi yule, na ili ile kraki iingie mtu alizima kwanza antivairasi, yaani mlinzi amefukuzwa getini kwa hiari ndio mgeni akaribishwe, alafu kwenye mashine hiyohiyo watu wanaingiza namba za NIDA, vyeti vya form four na paswedi za email.

WinRAR yenyewe sina ugomvi nayo, ni programu halali ya kulipia na wenyewe wanakupa siku 40 za kuijaribu. Ukiweza kulipa lipa. Usipoweza, kraki ya nini wakati 7-Zip ipo? Hii aliianzisha Mrusi mmoja anaitwa Igor Pavlov mwaka 1999 na mpaka leo bado anaiendeleza, msimbo wake uko wazi kila mtu anaweza kuusoma, na ni bure kweli, sio bure ya mwezi mmoja, unaweka nyumbani, dukani, shuleni, ofisini kwenye mashine zote na hakuna wa kukudai wala hakuna kujisajili. Inafungua zip, rar, 7z, tar, iso na mengine mengi, kitu ambacho haifanyi ni kutengeneza rar mpya kwa sababu rar ina wenyewe. Na inakubali mashine za zamani, hizi za Windows 7 ambazo bado zimejaa mtaani inaingia bila shida. Ni kweli Windows 11 tangu mwishoni mwa 2023 imeanza kufungua rar na 7z yenyewe, lakini niambieni ni steshenari ngapi mtaani kwenu zina Windows 11.

Sasa kuiweka. Anwani ni 7-zip.org, kuna kistari katikati na mwisho ni org, iandikeni kwa mkono juu kwenye brauza msiende kwa kusachi na kubonyeza kinachotokea cha kwanza, kwa sababu programu za bure zinazopendwa ndio zinazoigwa sana. Hapo utachagua ya 64-bit kama mashine yako ni ya kawaida ya miaka hii, au ya 32-bit kama ni babu. Faili lenyewe halifiki hata MB 2, bando la mia tano linatosha na chenji inabaki, kwahiyo ukiona umedaunlodi kitu cha MB 50 kinachotaka kukuongezea brauza mpya na kisafisha kompyuta juu yake, futa hapohapo, hiyo sio yenyewe. Kuna jambo linawatisha watu, ukibonyeza kuinstoli Windows inakuletea kile kibox cha njano kwamba mtengenezaji hajulikani. Hiyo ni kawaida kwa 7-Zip, Pavlov hasaini mafaili yake kidijitali, na ndio maana nasisitiza hiyo anwani, kwa sababu hapo hakuna sahihi ya kukuokoa, kinachokuokoa ni umeitoa wapi.

Ukishamaliza utakuta mafaili hayafunguki kwa kubonyeza mara mbili, watu wengi wakifika hapa wanasema programu mbovu wanarudi kwenye kraki. Sio mbovu, haijapewa tu hizo kazi. Ifungue kwa kulia-kubonyeza na kuchagua Run as administrator, nenda Tools, Options, weka alama kwenye zip, rar, 7z na hayo mengine, imeisha. Kwenye Windows 11 ukibonyeza kulia usipoiona bonyeza Show more options, imejificha humo. Na kama unahama kutoka 32-bit kwenda 64-bit toa kwanza ile ya zamani kwenye Control Panel, la sivyo zitakaa mbili kwenye folda mbili tofauti na hutajua unafungulia na ipi.

Lakini Mhariri, kuiweka ndio sehemu rahisi. Kilichonifanya niandike ni kuitunza. 7-Zip haina kengele ya kukuambia toleo jipya limetoka, haijiapdeti, haikupigii kelele, inakaa kimya miaka na miaka inafanya kazi vizuri tu na wewe unaona kila kitu kiko sawa. WinRAR nayo kwenye hili ni vilevile. Na huku nje watu wabaya hawajalala.

Chukueni mfano wa tundu la usalama, yaani kasoro ndani ya programu ambayo wezi wanapitia, lililotangazwa Januari 2025. Windows ukidaunlodi faili kutoka intaneti inalibandika alama isiyoonekana kwamba hili limetoka nje, ndio maana ukilifungua inakuuliza kwanza una uhakika. Sasa 7-Zip za zamani, mtu akifunga faili ndani ya zip alafu hiyo zip akaifunga tena ndani ya nyingine, ukilifungua lile la ndani kabisa alama ilikuwa imepotea, Windows haiulizi kitu, programu ya wizi inaanza kazi. Hili sio la kufikirika, tangu Septemba 2024 lilitumika kushambulia taasisi za serikali na biashara kule Ukraine, wakitumia barua pepe zilizotoka kwenye akaunti halisi zilizodukuliwa, na jina la faili limeandikwa kwa herufi ya Kirusi inayofanana kabisa na herufi c yetu, ukitazama kwa macho unaona ni doc ya kawaida. Cha kuumiza ni kwamba dawa ilikuwepo tayari, toleo la 24.09 lilitoka Novemba 2024, kabla hata tundu halijatangazwa kwa watu wote. Aliyekuwa ameapdeti aliliziba bila hata kujua.

Hayakuishia hapo. Julai 2025 ikatoka 25.00 iliyoziba matundu yanayohusu viunganishi vilivyofichwa ndani ya zip, yaani faili likitengenezwa kwa hila unalifungua kwenye folda ya Downloads lakini lenyewe linaenda kuandika vitu sehemu nyingine ambayo hujaichagua, na Agosti 25.01 ikaongeza marekebisho mengine kwenye mambo hayohayo. Na wale wa WinRAR msicheke, mwaka huohuo wa 2025 lilipatikana tundu la aina hiyo ambalo lilikuwa tayari linatumiwa na wahalifu, wakatoa 7.13 mwishoni mwa Julai kuliziba. Sasa mwenye WinRAR ya kraki ya 2017 ataipata wapi 7.13?

Kwahiyo leo ukimaliza kusoma hapa fungua 7-Zip yako, nenda Help, alafu About, soma namba. Ikiwa chini ya 25.01 ingia 7-zip.org chukua iliyopo, iweke juu ya ile ya zamani, huna haja ya kufuta kitu na mipangilio yako inabaki. Mwenye Windows 10 au 11 anaweza kufungua ile skrini nyeusi ya Command Prompt akaandika winget upgrade 7zip.7zip na mashine ikafanya yenyewe. Kwa wenye mashine nyingi, kama maabara za shule au ofisi, lile faili la exe ukiliita kwa kuongeza /S, S kubwa, linajiinstoli kimyakimya bila kuuliza maswali, fundi anaweza kumaliza chumba kizima kabla ya chai. Wa Linux mna raha zaidi, apdeti inakuja pamoja na mfumo, ila angalieni kama bado mna ile p7zip ya zamani, yaani 7-Zip ya Linux iliyotengenezwa na watu wengine, ile ilikwama kwenye 16.02 ya mwaka 2016, na tangu 2021 Pavlov mwenyewe anatoa ya Linux, kwenye Debian na Ubuntu za karibuni pakeji inaitwa 7zip tu.

Nataka niseme kidogo pia kuhusu wale wanaosema programu ya bure haina mwenyewe kwahiyo haiaminiki. Machi 2024 dunia ilikoswakoswa. Kuna programu inaitwa xz, inatumia ufundi wa kubana wa LZMA ambao asili yake ni hukuhuku kwenye 7-Zip, na iko ndani ya karibu kila seva ya Linux. Mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja anajitolea, amechoka, akaja mtu wa kumsaidia, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kumbe lengo lake ni kupenyeza mlango wa siri, akaupenyeza kwenye 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni injinia anaitwa Andres Freund, ambaye aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde hivi akakataa kulipuuza, akachimba. Aliweza kuchimba kwa sababu hakuna kilichofungwa kwa kufuli, kila kitu kiko mezani. Kwenye kraki ya fundi wa mtaani nani atachimba? Kwahiyo mimi naziamini hizi za msimbo wazi, ila watu wanaozitunza ni wachache na wanajitolea, wao wakishaziba tundu wamemaliza sehemu yao, kuileta hiyo apdeti kwenye mashine yako ni kazi yako wewe.

Na ofisi zetu zina la kwao. Nimewahi kuletewa flashi ya ofisi moja, sitaitaja, ndani kuna zip ya waombaji wa kazi, vyeti, picha, namba za simu, wote wamo na haina hata paswedi, imetumwa steshenari kuprintiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, taarifa za watu sio karanga za kumwaga tu kwenye flashi. Kwenye 7-Zip kufunga kwa paswedi ni hatua chache, unachagua 7z, unaandika paswedi, unaweka alama kwenye Encrypt file names ili hata majina ya mafaili yasionekane, maana bila hiyo mtu hawezi kufungua lakini anasoma orodha yote ya majina. Ikibidi iwe zip angalia pale kwenye njia ya kufunga, yenyewe inakuja na ZipCrypto ambayo ni dhaifu na inavunjika, badilisha iwe AES-256. Paswedi mtumie mwenzako kwa njia nyingine, mpigie simu, usiiandike kwenye email hiyohiyo. Na msiisahau, hakuna fundi wa kuirudisha hiyo, anayekuambia anaweza kwa elfu ishirini anakula hela yako.

Wengine huja wanalalamika wamezip picha zao na ukubwa haujapungua. Picha za simu na video zimeshabanwa tangu zinapopigwa, hata docx nayo ndani yake tayari ni zip, hakuna programu itakayokufanyia muujiza hapo, faida unayopata ni kuviweka vitu pamoja na kuvipa paswedi. Ikiwa shida yako ni email kukataa kwa sababu mafaili yamezidi MB 25 basi kuna sehemu ya kukata vipande, Split to volumes, unavituma kimoja kimoja kwenye email tofauti na anayepokea anavikusanya folda moja anafungua cha kwanza, vingine vinafuata. Na kabla hujafuta mafaili ya asili bonyeza kitufe cha Test kwanza, kinakagua kila faili ndani kama limeingia zima, flashi za bei rahisi zinaharibu sana mafaili bila kusema.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo na halina gharama. Kila mwezi mnatuchapia bei kikomo za mafuta za EWURA na watu wanazitafuta gazetini. Tengeni kona ndogo hivyohivyo kwenye ukurasa wa teknolojia, mistari mitano tu, programu zinazotumika sana mtaani na namba ya toleo lake la sasa, 7-Zip, VLC, LibreOffice, Firefox, na zile zenye tundu la usalama mziwekee alama nyekundu. Mafundi wengi wa huku hawasomi Kiingereza cha taarifa za usalama na hawana muda wa kuzunguka intaneti, lakini gazeti linafika, linabandikwa ukutani hapo juu ya printa. Mkianza mimi nitakuwa wa kwanza kulibandika, na niko tayari kuwatumia hizo namba kila mwezi bila malipo mpaka mtakapopata mtu wenu wa kuifanya.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi kompyuta, Morogoro