Barua ya wazi kwa vijana mnaosubiri mtoto: mjamzito hana nusu dozi

Wanangu,

Nina hasira tangu juzi, na afadhali niwaambie kuliko kukaa nayo moyoni. Nilikuwa duka la dawa hapa mtaani, na mbele yangu kijana mmoja, mwenye adabu zake, alikuwa akimnunulia mkewe dawa ya malaria. Mke ana mimba ya miezi mitano, ana homa, hajapimwa. Kijana akasema: "Nipe nusu dozi ya mseto. Ni mjamzito, nzima itamzidi nguvu." Muuzaji akachukua mkasi, akakata, akampa vidonge 12. Hakuuliza lolote.

Nilimshika mkono kijana nikamwambia ampeleke mkewe akapimwe, na alinisikiliza. Lakini wangapi hawakukuta bibi kwenye foleni?

Nimezalisha wanawake karibu maisha yangu yote, na huruma ya namna hii nimeiona ikizika watoto. Dozi ya ALu, ndiyo hiyo mseto ya kutibu malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne, vingine vinne saa 8 zikipita, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ameze baada ya kula, chakula kiwe na mafuta kidogo, au anywe maziwa. Mjamzito hapunguziwi hata kimoja. Ukimpa nusu, homa inashuka, mnamshukuru Mungu, na vimelea vya malaria vimebaki. Kwake vina maficho ambayo wewe mwanamume huna: kondo la nyuma. Humo vinatulia, mama hana hata homa, kipimo cha kidole kinaweza kuonyesha hana malaria, huku damu yake inapungua na mtoto tumboni anakosa chakula. Anazaliwa hajafika kilo 2.5, au anazaliwa amekwisha kufa. Mimba ya kwanza ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana mwili bado haujajua kupigana na vimelea vya kwenye kondo. Watoto hao nimewapokea kwa mikono hii. Msiniambie tena kwamba dawa ni kali!

Na mimba changa? Zamani tulitoa kwinini siku saba, masikio yakivuma, na wengi waliiacha njiani. Tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ALu hata katika miezi mitatu ya kwanza, baada ya kufuatilia wanawake walioitumia na kukuta mimba zao hazikudhurika zaidi kuliko za waliotumia dawa nyingine. Kwa hiyo anayesema mseto unatoa mimba anawadanganya. Malaria isiyotibiwa ndiyo inayotoa mimba.

Mengine nayataja tu. SP, vidonge vya kuzuia malaria anavyopewa mjamzito, ni kinga, si tiba: vidonge vitatu kwa mara moja, anavimeza kliniki mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, kila hudhurio, ukipita angalau mwezi kati ya dozi, zifike tatu au zaidi. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP. Dawa za doksisaiklini na primakwini, ambazo nazo hutumika kwa malaria, asiguse. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata degedege, akichanganyikiwa au akitapika kila anachomeza, ni hospitali usiku huohuo, akachomwe atesuneti, sindano ya malaria kali.

Lakini nisiwatwishe nyinyi peke yenu. Mama anatembea tangu alfajiri, anafika kliniki anaambiwa SP imeisha. Mwingine anapokelewa kwa maneno: "Mimba kubwa hivi, ulikuwa wapi?" Huyo harudi. Na muuzaji anakata dozi kwa mkasi mchana kweupe, hakuna anayemgusa. Wakubwa wa afya wilayani, hili ni lenu.

Nyinyi wanangu, jioni ya leo mwombeni mke kadi ya kliniki, mhesabu dozi za SP zilizoandikwa. Kama hazitoshi, mtoe nauli kesho, na ukiweza, nenda naye.

Bibi yenu, mkunga mstaafu.