Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mitego na Nyayo Korongoni

Ndugu wanachama,

Kazi kuu ya chama mwaka huu imeendelea kuwa kunasa, kupima na kuachilia mamalia wadogo katika korongo kavu la mchanga tunalolifuatilia katika Jangwa la Sonora, Arizona, Marekani. Mambo ya fedha atayaeleza mhazini.

Mitego yetu, visanduku vya alumini vyenye chambo cha mbegu, hufunguliwa jua linapozama na kukaguliwa alfajiri, kwa sababu kisanduku kilichosahauliwa juani hugeuka tanuri upesi, na sisimizi wakishaingia mnyama hana pa kukimbilia. Kamati imeamua kwamba zamu isiyo na wakaguzi wa kutosha wa alfajiri isitege kabisa, hata kama kibali kinaruhusu. Wapo walionung'unika, uamuzi unabaki.

Mgeni wetu mkuu ni panya-kangaruu, ambaye hutambulika mara tu anapotolewa kwenye mfuko wa kupimia: miguu mirefu ya nyuma, mkia wenye kishungi, na vifuko vya mashavu vinavyofungukia nje ya kinywa, vyenye manyoya ndani na mara nyingi vimejaa mbegu. Wanaomdharau kwa udogo wake wautazame utafiti wa karibu na Portal, mji mdogo wa huko huko Arizona, ulioanza mwaka 1977: panya-kangaruu walipozuiwa kuingia katika baadhi ya viwanja, baada ya miaka 12 hivi nyasi zilikuwa zimeongezeka mno mahali palipokuwa pa vichaka.

Hata hivyo, mtego hutoa habari za aliyeingia tu. Mbalamwezi ikiwaka panya-kangaruu hupunguza matembezi kwa kuhofia bundi, na anayesoma visanduku vitupu peke yake atadhani korongo limehamwa, ilhali chini ya meskiti, miti ya miiba ya jangwani, mchanga umejaa nyayo za miguu miwili miwili na mstari wa mkia katikati. Kwa hiyo, kuanzia msimu ujao, kila daftari la zamu litaandikwa nyayo, vinyesi, ndege walioonekana na hali ya mwezi, na kurasa hizo zitakuwa na uzito sawa na za mitego.

Glavu ni lazima. Virusi vya hanta, ambavyo aina yake moja hatari ilitambuliwa mwaka 1993 katika eneo la Four Corners, yanapokutana majimbo ya Arizona, Utah, Colorado na New Mexico, huenezwa na mkojo, kinyesi na mate ya panya. Mitego isafishwe kwa dawa, mahali pa wazi.

Mwisho, vifaa vyote viondolewe sakafuni mwa korongo kabla ya mvua za Julai, kwa kuwa mafuriko huweza kushuka kutokana na mvua iliyonyesha vilimani, huku mbingu juu yetu ikiwa nyeupe.

Mwenyekiti