Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Salamu kwenu wavuvi wote wa Ziwa Albert upande wetu wa Uganda: wazee wetu, matajiri wa mitumbwi, mabaharia, akina mama wa vichanja vya kuanikia samaki, na wenzetu wa mabwawa ya samaki wa Hoima na Masindi.

Mwaka huu sianzi na ada wala hesabu. Mtunza hazina atazisoma mwenyewe, na maswali yake aulizwe yeye. Mimi naanza na daftari la mwalo, ambamo vijana wetu huandika samaki wanaoshushwa pale mitumbwi inapofikia, kwa sababu ndilo lililotugombanisha zaidi, na ndilo ninaloamini litatusaidia kuliko yote tuliyofanya.

Nimeulizwa kila ninapopita: "Mwenyekiti, hawa vijana wanamwandikia nani? Mtu wa kodi?" Hapana. Wanatuandikia sisi, na nakala inakwenda kwa watafiti. Mtumbwi ukifika alfajiri, mwandishi anauliza mambo machache: mlikuwa na taa ngapi, wavu wa macho gani, mabaharia wangapi, mlivulia upande gani. Kisha anapima beseni moja au mawili kwenye mizani, si mzigo wote. Katika beseni anachota samaki kiasi, anawamwaga juu ya gunia na kuwatenganisha: muziri huku, ragoge kule, wale samaki wetu wadogo, na pembeni watoto wa mputa (sangara) na wa angara, samaki wakubwa zaidi, waliozolewa pamoja nao. Samaki mkubwa analazwa kwenye ubao wenye rula, mdomo umefumbwa na kugusa kizuizi, mkia umenyooshwa, urefu unasomwa kwa sentimita. Mama mnunuzi anaweza kusubiri kidogo hivyo bila samaki kuharibika.

Faida yake ni nini? Mtu akisema samaki wamepungua, jirani atamjibu kwamba ni yeye tu asiyejua kuvua. Lakini kilo kwa kila mtumbwi kwa usiku mmoja, zikiandikwa mwezi baada ya mwezi, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, ni vigumu kuzibishia. Ziwa letu lilichunguzwa kitaalamu mwaka 1928, mtafiti Mwingereza Worthington alipokuja kukagua uvuvi wa maziwa ya Albert na Kyoga. Jinja pamekuwa na kituo cha utafiti wa samaki tangu 1947, na leo ndipo ilipo NaFIRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi. Bila kumbukumbu za namna hiyo, nani angewaambia vijana kwamba mpoi, yule samaki mpana, alikuwa miongoni mwa samaki wakuu wa biashara katika ziwa hili? Leo kijana wa mwalo hamjui hata kwa sura.

Nije kwenye suala la mputa, ambalo najua ndilo mlilolisubiri.

Kanuni ya taifa inakataza kuvua mputa aliye chini ya sentimita 50. Ni kanuni yenye maana. Lakini Ziwa Albert lina mputa wa aina mbili. Mmoja ni huyu mkubwa tunayemjua sote, ambaye miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichukuliwa kutoka hapa kwetu akapelekwa Kyoga na Victoria. Kule alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na pia aliwamaliza nkejje wengi, wale samaki wadogo wa kule, ambao hawatarudi. Wa pili anakaa kwenye maji ya kina, mbali na ufuko. Ana macho makubwa kuliko mwenzake, hafikii ukubwa wa yule wa kwanza, na hapatikani ziwa lingine lolote duniani. Kwa rula peke yake, mtu mzima wa aina hii anaonekana mtoto wa aina ile.

Wapo wanachama waliokamatwa mwaka huu na samaki wa namna hiyo. Tulipokwenda kuwatetea tuliulizwa ushahidi uko wapi, tukabaki tunatazamana. Kusema "sisi wenyeji tunamjua" hakumsaidii mtu mbele ya hakimu. Ndiyo maana kamati imeomba mabaharia wanaovua maji ya kina walete samaki wa macho makubwa wakiwa wazima, wasipasuliwe njiani. Mwandishi anapima urefu, anapasua tumbo, anaangalia kama kuna mayai na yamefikia hatua gani. Kichwa kinahifadhiwa, kwa sababu ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vya sikio ambavyo mtaalamu akivikata husoma miviringo yake na kukisia umri. Samaki mfupi mwenye mayai yaliyokomaa si mtoto, na hilo likiandikwa mara nyingi vya kutosha tutakuwa na la kusema kanuni zinapopitiwa upya.

Lakini tusidanganyane. Wengi wa mputa wadogo wanaoletwa mwaloni ni watoto kweli, wa ile aina kubwa, waliovuliwa kando kando ya ziwa ambako hata kipofu anajua ni malezi ya samaki. Chama hakitamtetea mtu wa hao.

Sasa uvuvi wa taa, ule wa kuvutia samaki usiku kwa mwanga. Muziri na ragoge sasa ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaotoka upande wa Uganda wa ziwa hili, na ndio wanaozilisha nyumba nyingi za hapa. Muziri anaishi muda mfupi na huzaliana haraka, kwa hiyo anastahimili kuvuliwa kuliko angara au mputa. Hofu ya watafiti, nami nakubaliana nao, ni wale watoto wa samaki wengine wanaoingia kwenye wavu wa macho madogo, hasa tukivulia karibu na ufuko. Wengine katika kamati walitaka tupitishe umbali ambao hakuna taa kuwashwa ndani yake. Wenye mitumbwi midogo wakasema, na wana haki, kwamba upepo wa ziwa hili hauna mzaha na kusogea mbali bila jaketi za kuokolea ni kujitafutia kifo. Hatukukubaliana. Nimeona heri tuseme hivyo kuliko kupitisha azimio ambalo halitafuatwa wiki mbili.

Tukumbuke pia kwamba kamati za kusimamia uvuvi mwaloni, zile BMU (Beach Management Units), zilisimamishwa mwaka 2015, na tangu hapo yupo wa kukamata lakini wa kuhesabu ni haba. Bunge lilipitisha sheria mpya ya uvuvi na ufugaji wa samaki mwaka 2022. Kilichobaki ni wavuvi kusikilizwa katika utekelezaji wake. Halafu karibu nusu ya ziwa ni ya Congo. Nchi hiyo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ningependa kuona madaftari ya ng'ambo yakiandikwa kwa vipimo vilevile vya huku, maana samaki ni walewale na Kiswahili cha mwaloni ni kilekile.

Vichanja vilivyomezwa na maji ziwa lilipofurika mwaka 2020 vimejengwa upya juu zaidi, ingawa si vyote. Muziri wa kichanja hana mchanga na bei yake ni nzuri. Akina mama hawahitaji kufundishwa hilo, wanahitaji nguzo na nyavu za kutandaza.

Kwa wenzetu wa mabwawa, malalamiko makubwa ni chakula, ambacho hula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Hapa nina neno ambalo huenda lisiwafurahishe. Chakula kingi cha samaki hutengenezwa kwa dagaa waliosagwa, yaani mukene wa Victoria na muziri wetu. Tukifuga kambale kwa kuwalisha muziri, ziwa halijapumzika; tumemhamisha tu samaki kutoka sahani ya maskini kwenda kwenye bwawa. Majaribio ya soya, mashudu ya alizeti na funza wa nzi yanaendelea kwingi, na wafugaji wetu waliopanda soya waanze kujaribu kwenye bwawa moja, waandike uzito wa samaki kila mwezi.

Vifaranga vinunuliwe mahali panapojulikana. Kituo cha utafiti cha Kajjansi, barabara ya Entebbe, ni mojawapo. Wa kambale wachambuliwe kwa ukubwa mapema, la sivyo wakubwa watawala wadogo. Na ukikuta samaki wamejaa juu ya maji alfajiri wakitweta, usikimbilie dawa: hewa imekwisha majini usiku. Acha kuwapa chakula asubuhi hiyo na ingiza maji mapya.

Nafasi mbili za waandishi wa daftari ziko wazi, moja ya mwalo na moja ya mabwawa. Awe anayejua kusoma mizani na asiyeogopa kumuuliza tajiri maswali. Ningependelea mmoja awe mwanamke, kwa kuwa samaki wengi hupita mikononi mwao kabla sisi hatujawaona. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa leo.