Mfupa gani, kwa sindano au kwa kisu? Madaktari waandike

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madaktari na mameneja wa hospitali za binafsi hapa Kampala. Mimi ni karani wa madai ya bima. Juzi nililetewa faili la mama mmoja wa Masaka, bima yake ni ya nje kupitia mwanawe. Daktari kaandika "biopsi ya mfupa", yaani kipande kilichochukuliwa kupimwa, kaweka saini, kaenda zake.

Bima hiyo hufuata misimbo ya Marekani, CPT, namba za kudai malipo ya kila huduma, na huko maneno hayo hayatoshi. Sindano ikichukua kipande cha mfupa ulio karibu na ngozi, kama ubavu, ni 20220. Ukiwa wa ndani, kama pingili ya uti wa mgongo au mfupa wa paja, ni 20225. Akipasuliwa kwa kisu, ni 20240 au 20245, kwa mpango huohuo. Kinachotusumbua zaidi ni nyonga. Sindano hupita palepale, ila daktari anaweza kuwa ametafuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, si mfupa wenyewe. Kipande cha uboho ni 38221. Kikichukuliwa pamoja na uboho wa kufyonzwa, tangu 2018 ni 38222. Mimi niliye ofisini nitajuaje?

Maabara nako kuna lake. Mfupa haukatwi kama nyama. Hulowekwa kwanza ili madini ya chokaa yatoke. Kazi hiyo ina msimbo wake, 88311, lakini kwenye risiti zetu huandikwa "mengineyo", na mgonjwa humgombeza keshia asiyejua lolote.

Nikikisia msimbo wa bei ya juu, huo ni wizi. Nikikisia wa chini, hospitali inakula hasara. Bima ikikataa, deni linamwangukia mgonjwa, naye ndiye aliyebaki na kidonda. Meneja mmoja aliwahi kunishauri niweke tu wa juu, "watapunguza wenyewe". Nilimwambia aweke yeye, na saini yake.

Ninachoomba ni sentensi moja ya daktari: mfupa upi, upande upi, sindano au kisu, mfupa au uboho, na kama sindano iliongozwa kwa CT-skani. Fomu ya chumba cha upasuaji ichapishwe upya ikiwa na nafasi za kujaza hayo. Printa tunayo.

Karani wa madai,
Ntinda, Kampala
(Jina limehifadhiwa)