Pinki ile haijachuja, Mhariri

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini.

Nimesoma ukurasa wenu wa bustani wa wiki iliyopita, ile makala ya aina mpya ya potulaka, ule mmea wa mapambo wenye majani manene, aina yenye maua ya pinki nyepesi, tena nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilidhani macho yangu ndo yamekosea. Mwandishi wenu kasema rangi ya ua "imechuja", halafu mwishoni kawaambia wasomaji wakusanye mbegu wamwage msimu ujao, watapata maua yaleyale. Mi napanda potulaka mwaka wa kumi na moja sasa na hayo mawili nimeshindwa kuyaacha yapite. Sio ubishi jamani. Kuna watu watapoteza msimu mzima kwa ule ushauri wa mbegu, na kuna mmea mzuri umepewa sifa mbaya bila kosa lolote.

Nianze na hiyo kuchuja. Kitu kinachuja kama rangi ilikuwepo ikaondoka, nguo inachuja kwa sababu inafuliwa leo inaanikwa, kesho inafuliwa inaanikwa, mwezi wa tatu huioni tena ilivyokuwa. Sasa ua la potulaka linaishi siku moja tu. Linafunguka asubuhi jua likishapanda, alasiri linajikunja, na likishajikunja ndo basi, halifunguki tena, la kesho unaloliona hapohapo ni jingine kabisa limetoka kwenye tumba la pembeni yake. Hilo litachuja saa ngapi? Lilizaliwa na pinki ile na limeondoka nayo.

Naomba mwandishi siku moja achuchumae mbele ya chungu saa tatu asubuhi aliangalie kwa karibu, asiliangalie akiwa amesimama. Petali ni nyembamba kiasi kwamba mwanga unapita, pembeni rangi ni hafifu mno, ukisogea katikati inakolea taratibu bila mstari, mpaka unafika kwenye stameni za njano, vile vijiti vyenye chavua, zilizojaa pale kama kijifagio. Ukizigusa zile stameni na ncha ya jani la nyasi zinasogea zenyewe, kweli zinasogea, unaziona kwa macho, nyuki akitua zinamkaribia zinampaka chavua. Ua la pinki iliyoiva huwa linakumeza macho unaona rangi tu, hivi vitu vingine vyote huvioni. Hili jepesi ndo linakuonyesha. Mi ndo maana nalipenda na sioni aibu kusema nalipenda kuliko yote niliyonayo.

Na hiyo rangi sio ya kubahatisha. Maua mengi mekundu na ya zambarau tunayoyajua, waridi mojawapo, yanapata rangi yake kwa kemikali inaitwa anthosiani. Potulaka hana kabisa hiyo kitu. Yeye yuko kwenye kundi la mimea inayotumia betalaini, rangi ileile inayokuachia vidole vyekundu ukimenya bitiruti, na betalaini ziko za aina mbili, betasianini ambayo ni nyekundu ya kuelekea zambarau na betazanthini ambayo ni ya njano. Zikiwepo zote mbili kwa wingi unapata chungwa na nyekundu ya moto, ikibaki ya njano peke yake ua linakuwa la njano. Sasa ili upate pinki nyepesi iliyo safi inabidi betasianini iwe kidogo tu, na ya njano isiingie, maana ikiingia hata kidogo pinki inageuka kuwa kama ngozi ya pichi, ambayo nayo ni nzuri kwa wanaoipenda lakini sio hii. Kwahiyo mtu aliyeitoa hii aina alikuwa anatafuta kitu chembamba sana, katikati ya nyeupe na pinki, bila doa la njano. Unazalisha miche mingi, unangoja ichanue, unachagua mmoja, mingine yote unaing'oa. Halafu huyo mmoja unamzidisha kwa kukata matawi, unaangalia tena na tena kama rangi inabaki ileile. Hiyo ni kazi ya miaka, wala sio msimu mmoja.

Tena wazalishaji wa aina mpya wenyewe hawaandiki "pinki nyepesi" wakaishia hapo. Wana kitabu cha vipande vya rangi vya Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, kila kipande kina namba yake na katikati kimetobolewa tundu, unaweka kipande juu ya petali unachungulia kwenye tundu mpaka uone rangi ya petali na ya karatasi zimelingana, ndo unaandika namba. Upande wa juu wa petali unapimwa peke yake, wa chini peke yake. Watu waliopima hivyo ukiwaambia rangi imechuja unawaonea.

Sasa mbegu. Hapa ndo naomba Mhariri uweke sahihisho kabisa maana hili nimelipitia mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipata mche mmoja wa pinki nyepesi kama hii, ukastawi vizuri, nikaona nisipoteze, nikaanza kuvizia mbegu. Kitunda cha potulaka ni kama kikombe kidogo chenye kifuniko, kikikauka kifuniko kinabanduka chenyewe na ndani kuna mbegu ndogo kuliko chembe ya sukari, upepo ukipita zimeondoka, kwahiyo nilikuwa naamka nakagua kimoja kimoja, natega karatasi chini. Nilijaza kabahasha. Nikamwaga trei nzima, juujuu bila kufukia maana zinataka mwanga ili ziote, na ziliota kweli, ziliota zote kama nyasi, nilifurahi hamjui. Ilipoanza kuchanua ikaja pinki kali, ikaja njano, ikaja nyingine ya chungwa, nikawa najipa moyo labda ule wa kona bado, ule wa kona nao ukaja pinki kali. Hakuna hata mmoja uliofanana na mama yake. Na kumbe nilipokuwa nahangaika na bahasha ule mche mama niliuacha kwenye chungu kisichotoboka vizuri, maji yakakaa, shina likaoza pale chini kwenye udongo. Nikabaki sina mama na sina mtoto anayefanana naye. Rangi ile sikuipata tena mpaka miaka minne baadae.

Sababu yake ni kwamba hizi aina ni machotara, wamechanganywa na kuchaguliwa, na ndani ya mche mmoja wa pinki nyepesi kuna urithi wa rangi nyingine kibao ambao umejificha, ukienda kwenye mbegu unachanganyika upya na kila mche unajitokea na la kwake. Alafu nyuki nae hakuulizi, katoka kwenye ua la jirani kaleta chavua. Mbegu ni nzuri kwa mtu anayetaka mchanganyiko wa rangi, wala sizikatazi. Ila mtu akitaka pinki ILE, lazima akate tawi.

Na kukata tawi kwa potulaka ni rahisi kuliko hata kumwaga mbegu, ndo maana naumia mtu akielekezwa njia ndefu isiyofika. Unakata kitawi cha urefu wa kidole, unatoa majani ya chini na tumba zote, hata zile ulizokuwa unazionea huruma, unakiacha kivulini masaa kadhaa kidonda kikauke, halafu unachomeka kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Maji kidogo. Ndani ya wiki moja au mbili mizizi imeshika, ukikivuta kwa upole kinakataa. Baada ya hapo kinataka jua, jua la kutosha la kutwa, na udongo unaopitisha maji. Mbolea usimimine, ukimimina unapata majani tu.

Kuna jambo lingine ambalo makala haikuligusa na ni la muhimu. Aina mpya kama hizi mara nyingi zina mwenyewe. Marekani ilitunga sheria ya hataza za mimea, yaani haki ya aliyeitoa aina mpya, mwaka 1930, hasa kwa mimea inayozidishwa kwa njia hizihizi za kukata na kuunga, na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, unaoitwa UPOV, ulisainiwa Paris mwaka 1961, ukarekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 1991. Ili aina ilindwe lazima iwe mpya, iwe tofauti na zote zinazojulikana, miche yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike ukiizidisha. Kwa huo mkataba wa 1991 ulinzi ni miaka isiyopungua 20 kwa mimea kama hii, na mtu anayezidisha nyumbani kwake bila biashara mkataba wenyewe umemtoa nje ya katazo, lakini hataza ya Marekani ni kali zaidi, inakataza kuzidisha bila ruhusa. Kwahiyo msomaji asome kibandiko cha mche anaponunua, na asije akachomeka matawi mia akaanza kuuza akidhani ni ujanja. Yule aliyeng'oa miche yote akabakiza mmoja anastahili kulipwa.

La mwisho kuhusu makala, imechanganya majina. Potulaka wa majani membamba kama sindano ni Portulaca grandiflora, kwao ni Amerika ya Kusini. Tako la hasani, lile gugu linalotambaa lenye viua vidogo vya njano, ni Portulaca oleracea. Hii ya mapambo yenye majani bapa kama kijiko watu wengi wanaiita oleracea, hata vibandiko vingi vimeandikwa hivyo, lakini nyingi ya hizi ni za Portulaca umbraticola, na kuihakiki sio kazi, chukua kitunda ukigeuze utaona kina ukingo mwembamba umekizunguka kama kola ya shati. Gugu halina ile kola. Mwandishi kasema hii aina mpya ni "gugu lililopambwa", angegeuza kitunda asingesema.

Kwa wale watakaofuata njia ya kukata, naomba niongeze kitu kimoja nilichojifunza kwa kupoteza. Potulaka huwa anaweza kutoa tawi moja lenye rangi tofauti na mengine kwenye mche uleule, ghafla tu, na ukikata vitawi jioni maua yakiwa yamefunga huwezi kujua umekata lipi, majani yote yanafanana. Mi siku hizi natoka asubuhi na uzi mweupe, tawi lenye pinki sahihi nalifunga uzi palepale ua likiwa wazi, na kukata nakata hata jioni lakini lenye uzi tu. Tawi lililokolea nalitoa mapema kabla halijatawala chungu.

Mhariri, ninachoomba ni sahihisho la mbegu kwenye ukurasa uleule wa bustani, kabla watu hawajaanza kukusanya. Na kama mtarudia picha, ile ya kwanza ilipigwa jua la utosini na ua limetoka jeupe kabisa, nadhani ndo iliyompoteza na mwandishi mwenyewe. Apige saa tatu asubuhi, jua likiwa upande, asogee karibu mpaka zile stameni za njano zionekane.

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa bustani